Kinyumenyume

Miaka kumi na mmoja. Sikuihesabu mimi,
kinanda cha Yerko ndicho kilichohesabu:
mama yake alikigeuza meza ya miche,
na tulipokifunua, kule Talcahuano,
jani kavu la giligilani lilikuwa limelala kati ya fa na so.
Tukapuliza. Tukakohoa. Kikawaka.

Naitwa Leontina, mpiga ngoma.
Baina ya albamu ya tatu na hii ya nne
nimebadilisha vioo vya magari, sijui elfu ngapi,
nimezaa mmoja, nimemzika baba,
na goti la kulia, lile la ngoma kubwa,
limeanza kutabiri mvua kabla ya redio.
Hapa Concepción hiyo si kazi ngumu.

Walituonya: ngoma ivumayo haidumu.
Tulivuma kweli. Valdivia, Temuco,
lile jukwaa la Santiago ambapo moshi wa rangi ulificha
kwamba Nibaldo anapiga besi akiwa ametupa mgongo,
wimbo baada ya wimbo, asimwone Eduvina akiimba.
Kisha usiku mmoja, kwa ajili ya petroli ya gari
(haikuwa petroli; haijawahi kuwa petroli)
tukapasuka.

Kimya kina mshindo mkuu, walisema wahenga.
Wahenga hawakuuza ngoma zao walipe kodi ya nyumba.
Kimya changu kilikuwa kimya tu:
friji usiku, mtoto akijigeuza,
vidole vikipiga sita kwa nane juu ya usukani
mbele ya taa nyekundu.

Tulirekodia Lota, mji wa makaa uliobaki bila makaa,
katika kiwanda cha mikate cha mjomba wake Nibaldo.
Eduvina aliingiza kichwa mdomoni mwa tanuri baridi
akaimba, na matofali yakamrudishia sauti
ikiwa na masizi, imechelewa, imeota ndevu.
Sauti yake imeshuka. Hakuna aliyetamka.
Yerko alishusha tu kinanda nusu hatua,
Nibaldo akalegeza nyuzi nne, mmoja mmoja,
kama mtu avuaye viatu mlangoni pa mgonjwa.
Kwetu sisi, hiyo ndiyo iliyokuwa samahani.

Siku ya tano tukaipata kanda.
Mwandiko wangu: *Temuco, msifute.*
Usiku ule ule; mashine ilisahauliwa ikizunguka.
Yote yamo: petroli, mlango wa gari,
Eduvina akimwita Nibaldo jina nisiloliandika,
mimi nikiutupa upatu barabarani.

Yerko hakuuliza. Aliigeuza tu, akaicheza kinyumenyume.

Mama wee.
Matusi yakawa sala ya lugha isiyo na nchi,
kila neno likianza na pumzi yake ya mwisho,
na upatu ukajizoa kutoka kwenye lami,
ukapanda, mlio ukikua, ukikua,
hadi ukakatika ghafla kiganjani mwangu.
Mlango uliobamizwa ukafunguka.

“Huo ndio wimbo wa kwanza,” akasema Nibaldo,
macho sakafuni. Kisha akachukua besi
akaipiga ametuelekea.

Najua watakavyosema, vijana,
wakiwa gizani na vipokea sauti masikioni:
hizi ni sauti za sayari, hawa walikula uyoga.
Tulikula mikate na jibini,
na saa mbili kamili za usiku, vidonge vya presha vya Nibaldo,
saa ya Yerko ikilia kumkumbusha
katikati ya wimbo wa sita. Sikiliza vizuri, umo.

Jana binti yangu Rayén aliusikia ndani ya gari,
amebanwa kati ya vioo viwili vya lori.
“Wanasema nini, mama?”
Nilifungua kinywa. Mvua ikaanza,
goti lilikwisha sema tangu alfajiri.
Nikawasha waipa. Nikatafuta la kusema.
Yeye kidole kiko tayari juu ya kitufe:
“Basi irudishe nyuma,” akasema,
“nisikie tena.”